Matuta Tuliyoyaezeka kwa Nyasi Mbichi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo baragumu la msaragambo lililia kabla hatujamaliza kunywa uji. Masika yalikuwa yanaisha na ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Msaragambo, kwa wewe usiyelijua neno hilo, ni kazi ya wote. Baragumu likipigwa kila nyumba hutoa mtu, na asiyetoka hufuatwa aulizwe sababu. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kufyeka barabara. Kiongozi kutoka mkoani alikuwa anakuja kukiona kijiji chetu kipya, na Mwenyekiti hakutaka gari lake lipite katikati ya nyasi zilizomzidi mtu kimo.

Kijiji chenyewe kilikuwa bado kinanuka udongo mbichi wa kuta. Zilikuwa siku za vijiji vya ujamaa. Watu tuliokuwa tumetawanyika porini huku Handeni, nyumba mbili hapa na tatu kule, tulikuwa tumekusanywa mahali pamoja na kupangiwa viwanja kwa mistari. Yapo mema tuliyoyapata. Shule ilikuwa karibu, na mgonjwa alipata watu wa kumbeba hata usiku. Lakini bustani zetu za zamani zilibaki mbali kule tulikotoka. Mahindi tulikuwa nayo, mboga hatukuwa nazo. Watoto walikula ugali kwa maji ya chumvi, na mwanangu Shabani alikuwa ameanza kupasuka pembe za midomo.

Ndiyo maana sisi wanawake tuliomba kijito. Chini ya kijiji palikuwa na ukanda wa ardhi kando ya maji, udongo wake mweusi unaonata. Kamati ilikuwa imeshaupanga uwe mahali pa kufyatulia matofali ya zahanati. Sasa, mwanangu, hapo hapakuwa na mtu mbaya. Zahanati ni uhai, na mboga nazo ni uhai. Haki mbili zikikutana kwenye njia nyembamba, moja lazima iombe kupishwa, nasi tukaomba. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni kuyasema maneno hayo, nikiwa mke mgeni ambaye watu wengine walikuwa bado hawajalijua jina lake.

Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ndugu zangu akina mama, kiangazi hiki nawapeni. Kijito kikipungua na bustani ikasimama, mahali pale ni penu. Bustani ikikauka, tunachimba udongo."

Hapo utaona uzito wa jambo. Kupanda mboga masika yanapoisha kila mtu anaweza. Kazi ni kuzifikisha mwisho wa kiangazi, wakati kijito kinapokuwa vidimbwi, na mwanamke anashindana na ng'ombe kwa ndoo moja ya maji.

Mimi nilikuwa na wazo nililolileta kutoka kwetu. Nimezaliwa Kerenge, upande wa Korogwe, ambako milima iko karibu na migomba inaota hata nyuma ya choo. Baba yangu alikuwa na desturi ya kutandaza majani makavu ya mgomba chini ya mimea yake. Jua likiwaka, wewe ukifunua majani yale unakuta udongo una ubaridi na minyoo inacheza. Alikuwa akisema ardhi ni kama mtu, nayo haipendi kuachwa uchi juani. Lakini huku nilikoolewa migomba ilikuwa ya kutafuta. Kwa hiyo siku ile ya kufyeka barabara, nilipoziona nyasi zimelala marundo marundo pande zote mbili, mbichi, laini, kijani kibichi, nikayakumbuka majani ya baba yangu. Wanaume walikuwa wameshatoa viberiti. Nikawaomba wasizichome.

Walicheka, lakini waliniachia. Tukazifunga mizigo, mimi na wenzangu, tukaanza kuteremka nazo kijitoni, ambako miche yetu ya nyanya ilikuwa imeshashika.

Njiani nikakutana na mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi. Nikaweka mzigo chini, nikamwamkia. Aliitikia, kisha akauliza, "Mkaza mwana, hizo takataka zinakwenda wapi?"

"Bustanini, mama."

"Watu wanatoa uchafu shambani, wewe unaupeleka."

Akapita zake. Usimwone mkali bure, mwanangu. Katika ukoo ule mwanamke alipimwa kwa usafi wa shamba lake. Shamba la mwanamke hodari halikuwa na jani lililolala. Lilipaliliwa na kufagiwa, na uchafu wake ukachomwa, mpaka lifanane na uwanja unaongoja harusi. Kulaza nyasi kwa makusudi kati ya miche kulikuwa kama kumwaga maganda ya mihogo sebuleni. Lakini nilikuwa nimeshasema mkutanoni, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaubeba tena mzigo wangu.

Sasa nikueleze kuhusu mume wangu, Salehe, maana hadithi yetu inapindia kwake. Salehe alikuwa fundi wa kuezeka. Katika kijiji kile cha nyumba mpya hakukuwa na mtu aliyetafutwa kama yeye. Alianzia chini penye upenu akapanda juu, safu juu ya safu, kila safu ikifunika mafungo ya ile ya chini, akizichana nyasi kwa vidole kama mama anavyomchana binti yake nywele. Nyumba aliyoiezeka yeye, mvua ya masika iliipiga usiku kucha na majivu ya jikoni yakabaki makavu.

Jioni hiyo alikuja kijitoni kutusaidia. Akaniona nikirusha nyasi kwenye tuta kwa mafungu, hivi na hivi. Akasimama akitazama. Uvumilivu ukamwishia.

"Mama Shabani," akasema, "nyasi hazitupwi. Nyasi hulazwa."

Akapiga magoti. Ule ukanda wa ardhi ulikuwa na mteremko kuelekea majini, na matuta yetu yalifuata mteremko. Salehe alianzia chini ya tuta akapanda juu, safu kwa safu, ncha zikielekea bondeni, akizikandamiza kwa kiganja, akizisukuma mpaka zikaikumbatia miche shingoni. Nyasi zilikuwa bado zinatoa maji. Alipomaliza tuta langu, lilipendeza mno. Wenzangu wakamwomba na yao, naye akayafanya yote, siku ile na zilizofuata, unene wa nyasi ukifika kwenye kiwiko.

Ni mmoja tu aliyekataa, naye ni Tabitha. Huyo alikulia kwenye kambi za wafanyakazi wa mkonge kule Ngombezi, ambako mtu hujifunza kutania kabla hajajua kutembea. Alisema, "Shemeji Salehe, tuta langu si maiti. Sitaki lifunikwe."

Tukamcheka. Kijiji kizima kilishuka kuja kuona bustani iliyoezekwa. Yule kiongozi wa mkoa alipopita na vumbi lake hatukupata nafasi ya kumwonyesha, lakini hatukujali. Tulijiona tumelikamata jua na kulifunga kamba.

Kila jioni tulichota maji tukamwagilia juu ya nyasi. Njia zilizokuwa kati ya matuta zililowa mpaka miguu ikazama, nasi tukafurahi kwamba bustani inakunywa. Angalia hapo, mwanangu. Macho yaliona maji, na akili ikaridhika. Hatukuuliza ni kwa nini yanayokunywa ni mapito yasiyopandwa kitu.

Haukupita muda mrefu, majani ya chini ya nyanya yakaanza kugeuka manjano. Tukasema ni jua. Yakaja ya juu. Tukasema ni wadudu. Kisha mche mmoja ukalala, na mwingine, na nilipouinua nikaona shina penye udongo limekuwa laini na la kahawia kama ndizi iliyooza. Bustani ilikuwa na harufu pia, harufu chachu inayokaa kooni. Tuta la Tabitha, lililofagiwa na kumwagiliwa asubuhi na jioni, lilisimama bila shida yoyote.

Asubuhi moja tulikusanyika pale wote bila kuitana. Tabitha alishika kiuno. "Nilisema mimi. Mmezivika sanda, nazo zimekubali kufa."

Hakuna aliyecheka. Wenzangu wengi walikuwa na neno moja: tuzitoe nyasi tuzichome, tulisafishe shamba kama watu wengine, tumwombe Mungu. Mwingine alinong'ona, nami nikasikia, kwamba ya Kerenge yangebaki Kerenge. Salehe alikaa juu ya jiwe. Aliyekuwa na wanawake wote wakimshukuru sasa hakutazamwa na mtu. Mimi nilisimama na mche mkononi nikifikiria neno la Mwenyekiti. Nilijua tukipapoteza pale, hapatarudi tena. Shimo la udongo likishachimbwa halirudi kuwa bustani.

Nikasema sitachoma kabla sijajua kilichoua. Sikuwa na jibu, ila nilikuwa na ukaidi, na ukaidi ukielekezwa vizuri huitwa nia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Bi Mwanaidi alikuwa anateremka kuchota maji. Akawaona watu wamesimama kama msibani. Akaweka ndoo yake, akaja kwenye tuta langu, akachuchumaa, kisha akauingiza mkono mzima chini ya nyasi mpaka kwenye kiwiko. Akautoa haraka. Akanitazama.

"Weka mkono hapa."

Nikauweka. Mwanangu, palikuwa na moto. Si joto la jua, bali joto kama la chini ya kuku anayeatamia, tena zaidi, na unyevu wake ulinata vidoleni. Nyasi zilikuwa zimeshikana kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Nikasukuma vidole chini zaidi kutafuta udongo, nikaupata. Ulikuwa vumbi.

Vumbi, na sisi tulikuwa tukimwaga maji kila jioni.

Bi Mwanaidi akamgeukia mwanawe. "Salehe, nyumba unaiezeka kwa nyasi za lini?"

"Zilizokauka, mama."

"Kwa nini si zile zilizokatwa leo?"

Salehe akajibu polepole, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Mbichi ukizibana zinachemka. Zinaoza."

"Na ukimaliza kuezeka, mvua inaingia?"

Hapo akajisahau, fahari yake ikamrudia. "Paa langu halijavuja hata siku moja."

"Basi kazi yako nimeiona, na ni nzuri," mama yake akasema. "Maji ya mkeo yamebisha hodi kila jioni, hayakufunguliwa."

Tabitha ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake wote, na mwisho Salehe mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa. Lakini Bi Mwanaidi hakucheka. Alikuwa hajamaliza, na sasa ilikuwa zamu yangu.

"Na wewe, mkaza mwana. Neno ulilolileta kutoka kwenu ni jema, hata mimi nisiyelipenda nalijua. Lakini tangu mlipofunika hapa, ulirudi siku gani kufunua?"

Nikautazama mkono wangu uliokuwa bado unanata.

"Mtu akifunika chungu jikoni, hufunua akakoroga. Wewe umefunika chakula cha watoto wa kijiji, ukaenda zako kusifiwa."

Ukali ule, mwanangu, sikuuona kama mzigo. Ulinipa njia. Mtu anapokukemea na kukuonyesha kosa lilipo, amekupa nusu ya dawa.

Wale waliotaka kuchoma wakauliza tena kama si afadhali kuziondoa nyasi kabisa. Yeye akawaambia, "Mkichoma nyasi mtabaki na jua. Jua nalo mtalichoma?" Akajitwika ndoo yake akapanda kilima. Wala usidhani aligeuka siku ile akaanza kutandaza nyasi shambani kwake. Alilifagia shamba lake mpaka Mungu alipomchukua. Lakini haki ya jambo aliitoa hata pale moyo wake usipolipenda, na watu wa namna hiyo ni wachache.

Basi tukaanza kazi, na sitakuficha, ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Tulizibandua nyasi zote. Zile zilizokuwa zimegeuka utelezi tukazifukia mbali na mimea, zimalizie kuoza zikiwa mbolea. Zilizokuwa bado na uzima tukazianika juu ya mawe na kwenye majani mafupi ya ukingoni, tukizigeuza kama mtu anayeanika mpunga, mpaka zikabadilika rangi na kutoa ule mlio mkavu ukizifinya. Salehe alifanya kazi ya kugeuza bila kuambiwa. Matuta tukayavunja mteremko wake, tukayapindisha yakakingama, ili maji yakimwagwa yakae badala ya kukimbilia kijitoni.

Miche iliyokufa ilikuwa mingi. Nusu ya bustani, na pengine zaidi. Tabitha, pamoja na mdomo wake, alikuwa na miche iliyobaki kitaluni, akaigawa yote bila kubakiza, akisema sasa hatutakuwa na kisingizio. Pengo lililobaki tulilijaza kwa ngogwe, zile nyanya chungu zetu ndogo, ambazo hazidekezi mtu.

Tulipokuwa tumefika katikati ya kazi hiyo, matuta wazi, nyasi zimetapakaa kila mahali, ndipo Mwenyekiti alipoteremka na mafundi wawili wa matofali. Walikuwa wamekuja kutazama udongo. Nilimwona akitembeza macho, na niliona kwamba hakuna alichokiona isipokuwa uharibifu. Fundi mmoja alichomeka jembe lake ardhini kama mtu aliyeshapewa mahali.

Wenzangu walinitazama. Nikamwendea, nikamwamkia, nikamweleza yote bila kupunguza: tulivyokosea, kilichoua mimea, na tunachofanya sasa. Kisha nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, neno lako lilikuwa kiangazi, na kiangazi hakijaisha. Kikiisha, njoo na jembe hilohilo. Ukikuta udongo wetu mkavu, mimi mwenyewe nitakusaidia kuchimba."

Alilitazama lile jembe lililosimama ardhini. Akamwambia yule fundi achomoe jembe. Hakututia moyo. Lakini alikuwa mtu wa kushika neno.

Kuanzia siku ile tulitandaza upya, safari hii kwa macho mawili. Nyasi kavu tuliziweka nyepesi, ovyo ovyo, zimepishana huku na huku, ili maji yapite na hewa ipite. Salehe aliteseka sana kuziona vile. Siku moja nilimkuta amechuchumaa ameanza kuzinyoosha safu moja kwa vidole. Nikamwita jina. Akainuka akajifanya anatafuta kitu kilichoanguka. Kila shina tuliliachia nafasi ya upana wa kiganja, pasiguswe na jani, maana shina likikumbatiwa na unyevu huoza, na huku Handeni kuna na mchwa, ambao ukiwajengea daraja la nyasi kavu mpaka kwenye shina, watakushukuru na kulivuka. Tukawa tunafunua. Kila tulipokuja kumwagilia, mmoja wetu aliingiza mkono hapa na pale. Palipokuwa na joto tulipunguza, palipokuwa na harufu tulipaacha wazi papumue.

Nyasi zilipungua kimo kadiri zilivyoliwa na udongo, nasi tukaongeza kidogo kidogo, kwa sababu haba na haba hujaza kibaba, na pia kwa sababu tulikuwa tumeona kilichotokea tulipojaza kibaba kwa siku moja.

Kiangazi kikaja chenyewe sasa. Kijito kikawa uzi, uzi ukakatika ukawa vidimbwi, na foleni ya ndoo ikarefuka. Ikatubidi tumwagilie kwa kuruka siku, na baadaye kwa kuruka siku nyingi. Hapo ndipo tuta la Tabitha lililofagiwa likaanza kupasuka nyufa za kuingia kidole. Alivumilia akibeba maji alfajiri kwa siri. Jioni moja akasimama mbele yangu akitazama pembeni.

"Mama Shabani," akasema, "nipe na mimi ile sanda, kidogo tu."

Nilimpa, na nikaenda kumsaidia kuitandaza. Sikumcheka, ingawa nilitamani. Tusingekuwa na bustani bila miche yake.

Mwenyekiti alikuja mwishoni mwa kiangazi, kama tulivyopatana, mawingu ya vuli yakiwa bado hayajajionyesha. Alikuja na wale mafundi na jembe. Kijiji kilimfuata nyuma, maana watu wanapenda kuona mtu akishinda, na wanapenda vilevile kuona akishindwa. Kote juu ya kijiji ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Alipita kwenye matuta akitazama ngogwe zilizoning'inia na nyanya zilizokuwa zinageuka rangi. Si nyingi kama tulizoota mwanzoni, lakini zilikuwa hai. Kisha akachuchumaa, akasogeza nyasi kwa mkono wake, na badala ya jembe akatumia vidole. Viliingia mpaka kwenye kifundo. Akavitoa, akautazama udongo ulioshikamana navyo, akaufinya ukabaki donge.

Aliligeuza lile donge kiganjani. Yule fundi wa matofali akasema, nadhani kwa kusifu, kwamba udongo huu ungetoa tofali zuri sana.

"Ungetoa," Mwenyekiti akasema. Akainuka. "Udongo wa tofali upo na ng'ambo kule, kazi ni kuteka maji tu, na vijana tunao. Hapa pana watu tayari."

Hivyo ndivyo alivyolikata jambo. Zahanati ilijengwa, kwa kuchelewa kidogo, kwa matofali ya ng'ambo, na sisi wanawake tulipokezana kuyabebea maji yale matofali, kwa kuwa tuliona ni haki tufanye hivyo. Kijitoni hatukuondolewa tena. Jioni ya siku ile nilipika ngogwe kwa nyanya, nikamuwekea Shabani sahani yake. Alikula, akarudisha sahani akitaka tena. Mwanangu, mimi sijawahi kusikia sifa iliyonijaza moyo kama sahani ile.

Nimekueleza haya kwa sababu nawaona siku hizi vijana mnafyeka viwanja na kando za barabara, kisha nyasi mnazichoma zikawa moshi, au mnazirundika mbichi kwenye miche mkitegemea miujiza. Msizichome. Nyasi ni chakula cha ardhi. Kuzichoma ni kuirusha mbinguni riziki uliyopewa mlangoni. Lakini msizirundike. Zianike kwanza mpaka zitoe maji yake. Ukiwa na haraka na huwezi kuanika, basi tandaza mbichi, ila tabaka jembamba mno, kama unavyonyunyiza chumvi, lisubiri likauke, ndipo uongeze jingine. Liache shina lipumue. Kata nyasi kabla hazijatoa mbegu, la sivyo utakuwa umepanda magugu kwa mkono wako, na yale majani yanayotambaa, yanayochipua hata kwa kipande, usiyalete bustanini kabisa. Na kwa kuwa zama zenu zina dawa za kuua magugu, uliza kwanza kama mahali ulipofyeka hapakupuliziwa; dawa iliyoua nyasi haitaihurumia nyanya yako.

Hayo ni ya mkono. La moyo ni hili. Kazi nzuri isipouliza inatakiwa kufanya nini, inaweza kuharibu kwa uzuri wake. Na jambo jema ulilolianzisha lisikutie usingizi kwa sababu watu wamelisifu. Rudi ukalitazame chini, pale macho ya wapita njia yasipofika. Ukikuta limeharibika, usikimbilie kiberiti. Tafuta kilichoua, kubali kukemewa na anayejua, kisha inama uanze tena, hata kama nusu ya miche imelala. Jembe halimtupi mkulima, ila mkulima ndiye hulitupa jembe, na wewe usiwe huyo.

Nenda ukapande, mwanangu. Mwenyezi Mungu akujalie ardhi inayoshika maji na wenzako wa kuibeba ndoo pamoja. Akupe mtu wa kukuambia ukweli unapokosea, na akupe masikio ya kumsikiliza. Kiangazi chako kikija, nacho kitakuja, kikukute bado unalima, na watoto wako walale wakiwa wameshiba.